Ukuta wa Mwalimu Simeo na Mkeka wa Kwedizinga

Mheshimiwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya yetu, Bwana Afisa Elimu, uliyetoka Tanga ukala vumbi letu lote njiani, Jumbe na wazee wa baraza, Bwana Gulamhussein, mwenye duka mkabala na stesheni, walimu wenzake Mwalimu Simeo, wazee wangu na mashangazi zangu mliotoka Kwedizinga kwa basi la alfajiri, shikamooni, ndugu wageni waalikwa, wanafunzi, na wewe Swaumu, mke wangu, uliyeketi mstari wa tatu na kanga ya manjano, ambaye kwa itifaki unatajwa mwisho na kwa moyo wangu ungetajwa kabla ya serikali: nawasalimu nyote.

Mimi naitwa Kibwana Mdoe, karani wa mizani katika shamba la mkonge karibu na Mkumbara. Nilisoma katika darasa hili hili, kisha nikaenda sekondari Tanga hadi darasa la kumi. Nimeoa siku kumi na tisa zilizopita. Mwenyekiti wa sherehe hii ameniagiza niseme kwa dakika tano, na nisizidishe habari za mke wangu. Hilo la dakika nitajitahidi.

Tumekuja kumuaga Mwalimu Simeo, aliyefundisha hesabu hapa miaka ishirini na minane, na ambaye macho yamemchoka kiasi kwamba juzi alimwamkia mbuzi wa Jumbe akidhani ni mama mkwe wa Jumbe. Jumbe alicheka, akasema tusimwambie mama. Mama, naona umeshajua. Shikamoo.

Lakini, ndugu zangu, saa kumi kamili leo, baada ya chai, fundi Yordani, yule pale mwenye brashi, ataupaka chokaa ukuta wa nyuma wa darasa hili, ukuta mlioupa mgongo. Geukeni muutazame. Alama hizo za mkaa, kuanzia sakafuni hadi kwenye boriti, si uchafu wa watoto wala si uganga. Ni kazi ya Mwalimu ya miaka kumi na minane, ya kutafuta vikundi thabiti ndani ya makundi, na haipo mahali pengine popote duniani. Alianza vita vilipoanza, bwana mpimaji mmoja Mjerumani alipoondolewa shambani akamwachia kitabu kisicho na jalada. Mwalimu hajui Kijerumani. Alikisoma kwa kufuata alama, kama mtu anayefuata nyayo za mbuzi asiyemjua mwenyewe. Karatasi wakati huo zilikuwa adimu, hata barua za posa ziliandikwa nyuma ya karatasi za kopo. Basi akaandika ukutani. Vita vikaisha, karatasi zikaja, na macho yakaanza kuondoka. Leo hawezi kuisoma kazi yake mwenyewe ainakili.

Siku ya Jumanne niliingia ofisini kwa Bwana Afisa Elimu kuuombea ukuta huu. Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, akaniuliza swali moja: "Ina faida gani?" Nikasema, "Bwana, imenipa mke." Akadhani mimi ni mgonjwa, akaagiza niletewe maji. Nilikunywa, yalikuwa baridi, nashukuru. Lakini sikumaliza kueleza, na ndiyo maana leo nimesimama mbele yenu.

Kwanza, kundi ni nini? Mwalimu alitufundisha hivi. Chukua mkeka wa mraba. Uinue, uugeuze unavyotaka, kisha uurudishe pale pale ulipokuwa, ufunike sakafu ile ile. Una namna ngapi za kufanya hivyo? Nane, wala hakuna ya tisa. Nimeitafuta utotoni nikachapwa. Unaweza kuurudisha kama ulivyokuwa, bila kubadilisha chochote. Unaweza kuuzungusha robo, au nusu, au robo tatu. Na unaweza kuupindua, upande wa chini uwe wa juu: namna mbili kwa kufuata pande, ubavu kwa ubavu, na namna mbili kwa kufuata pembe. Fanya namna moja, halafu nyingine, na mkeka utakuwa kana kwamba umefanya namna ya tatu, iliyo miongoni mwa zile zile nane. Hazitoki nje ya nyumba yao. Hilo ndilo kundi.

Na kikundi thabiti? Ndani ya kundi kuna vikundi vidogo vinavyojitosheleza. Sasa zifanye zile namna kuwa watu, uwape ruhusa wabadilishane nafasi, kwa uaminifu, bila kuvunja ile sheria ya nani akifuatwa na nani anazaa nani. Vikundi vingine vitahama. Kile kisichohama, wabadilishane kwa namna yoyote ile, ndicho thabiti. Mwalimu alizoea kutuuliza, "Wote wakibadilishana majina, nani atabaki kuwa yeye?" Nami nilikuwa dirishani natazama treni. Mungu amsamehe yule mtoto, maana alikaribia kuniharibia ndoa.

Sasa nakuja kwa Swaumu. Mwenyekiti, ni lazima nipite hapo, hakuna njia nyingine.

Nilimwona dukani kwa Bwana Gulamhussein akichagua kitambaa. Aliufunua mtandio, akautazama upande huu, akautazama upande ule, akausukuma. Akafunua mwingine. Mitandio kumi na minne, ndugu zangu, na hakununua hata mmoja, akasema, "Ahsante baba, nitarudi." Nikajua huyu ndiye. Bwana Gulamhussein ananung'unika pale. Bwana, nakusikia. Najua hajarudi.

Nikatuma washenga Kwedizinga. Shangazi yake, Bi Mwantumu, akajibu kwamba posa imepokelewa, lakini katika ukoo wao bwana harusi hapewi mke, humtambua. Wanawake wanane huketi kuuzunguka mkeka wa mraba, wenye pembe nne za rangi nne. Shangazi yuko wazi. Saba wamefunikwa kaniki tangu kichwani hadi kwenye kucha, na bibi harusi ni mmoja wao. Kila mmoja ana namna yake moja ya kuutandika mkeka. Shangazi huuinua na kuurudisha vile vile. Wengine saba hugawana zile namna saba zilizobaki. Wanapokezana, na kila wawili wakifuatana wimbo humtaja yule wa tatu ambaye mkeka umekuwa kama kaushika yeye. Halafu wanabadilishana: aliyekuwa akizungusha robo anachukua robo tatu, na kadhalika, lakini wimbo hauvunjiki. Na bibi harusi ni yule ambaye hakuna mabadilishano yanayoweza kumhamisha. Bwana harusi hupewa nafasi mbili za kutaja. Akikosa zote mbili, anarudi kwao mpaka mavuno yajayo, na posa ya mtu mwingine inaweza kusikilizwa. Na palikuwa na mtu mwingine. Alikuwa na cherehani.

Nilipoisikia desturi hii nilicheka, nikamwambia Mwalimu Simeo, "Mwalimu, hawa wamechukua hesabu yako!" Mwalimu hakucheka. Alisema, "Au mimi nimechelewa kuichukua yao." Akafunga safari pamoja nasi.

Basi nikaketi. Wimbo ukaanza, mkeka ukazunguka, ukapinduka, wakatajana, wakabadilishana. Nilitazama kwa saa nzima. Wale wa robo na robo tatu walibadilishana kila mara, wakatoka. Wale wawili wa kupindua kwa pembe walibadilishana kila mara, nao wakatoka. Wakabaki watatu ambao sikuwaona wakibadilisha kitu: mmoja wa kuzungusha nusu, na wawili wa kupindua ubavu kwa ubavu. Nikajisemea, Kibwana, hao watatu pamoja na Shangazi ndio kikundi thabiti, umeshapiga hesabu kama mtu mzima, sasa uachie moyo uchague. Na moyo ukatazama. Mmoja wa wale wa kupindua alikuwa na mkono mwepesi! Mkeka ulipaa, ukatua bila hata kutikisa vumbi. Nikafikiri, mkono wa namna hii ni mkono wa msichana mwenye mapenzi. Nikasimama, nikamwelekezea kidole, nikasema mbele ya koo mbili, "Huyu ndiye nuru ya maisha yangu."

Kaniki ikafunuliwa. Alikuwa Bibi Mwaija, nyanya yake Swaumu, mwenye miaka sabini na tatu.

"Mwe!" akasema Bibi. "Nimeposwa! Mwantumu, nitafutie viatu."

"Bibi, nisamehe, nimekosea."

"Umekosea nini? Umesema nuru. Watu wote wamesikia. Au unaniacha kabla hata hatujala?"

Ukoo mzima ukaanguka kwa kicheko. Mjomba wangu alifunika uso kwa kofia. Na yule mwenye cherehani, aliyekuja, alivyosema, kutazama tu, alianza kujipangusa viatu.

Ikabaki nafasi moja. Nilimgeukia Mwalimu Simeo. Alikuwa ameketi kwenye kinu kilicholazwa, macho yamefumbwa, maana hayamfai sana hata yakiwa wazi; alikuwa anausikiliza mkeka. Shangazi akasema kusaidiwa jibu ni marufuku, lakini kukemewa na mwalimu wako kunaruhusiwa. Mwalimu akanikemea.

"Kibwana, umeona mabadilishano mangapi?"

"Moja, Mwalimu. Walikuwa wakirudia lile lile."

"Yako mangapi kwa jumla?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole.

"Yako manane, ukihesabu na lile la kila mtu kubaki na lake. Manne hutokea humo humo ndani, wenyewe kwa wenyewe. Manne huja kutoka nje. Wewe umeona moja ukatangaza uthabiti! Aliyesimama imara mbele ya upepo mmoja, utamwitaje imara? Wana haki ya yote manane, hata wasiyokuonyesha. Na moyo uliuachia nini? Moyo ulifanya hesabu lini? Inamisha kichwa."

"Niiname, Mwalimu?"

"Kichwa! Kilaze begani. Nusu ya robo. Sasa utazame mkeka."

Nikalaza kichwa begani kama kuku anayesikiliza. Na pale, mbele ya wakwe zangu, nikaona. Ukikitazama kitu kwa kichwa kilicholala, pande zinasimama mahali pa pembe, na pembe zinasimama mahali pa pande. Wale waliopindua kwa ubavu wanaweza kuwa wale wanaopindua kwa pembe, na wimbo ukaimbwa bila kosa hata moja! Bibi Mwaija hakuwa thabiti hata kidogo. Angeweza kubadilishana na yeyote kati ya wenzake watatu wa kupindua. Kikundi changu cha wanne kikayeyuka. Nani alibaki? Shangazi asiyebadilisha kitu, na yule mmoja wa kuzungusha nusu. Kizungushe kichwa chako, upindue mkeka, mtangulize, mfuatishe: nusu inabaki nusu. Ndiye pekee kati ya wale saba ambaye, akimtangulia mtu yeyote au akimfuata mtu yeyote, matokeo ni yale yale. Swaumu wangu! Mapenzi yake hayajui kutangulia wala kubaki nyuma. Samahani, Mwenyekiti. Nimemaliza hapo.

Nikasema, "Yule wa nusu." Shingo ilikuwa imekakamaa, nikamwelekeza kidole upande upande. Kaniki ikafunuliwa, na maneno ya kwanza mke wangu aliyoniambia maishani yalikuwa haya: "Ulikuwa wapi muda wote? Kiganja kimenichubuka. Na kwa nini kichwa kimelala?"

Kimelala mpaka leo kidogo. Mganga wa zahanati anasema kitanyooka.

Sasa sikilizeni sehemu iliyo ya haki. Bibi Mwaija alimwita Mwalimu, akamweleza kwamba nyanya yake naye aliambiwa na nyanya yake: bibi harusi huwekwa kwenye nusu, kwa sababu huko ndiko hakuna anayeweza kumwibia nafasi. Mwalimu alishuka kutoka kwenye basi hapa Korogwe, hakwenda kwake, alikuja moja kwa moja darasani, akapapasa ukuta mpaka akaipata safu ya makundi ya wanane, akaandika kando yake kwa mkaa: "Hili lilijulikana Kwedizinga kabla yangu. Bibi Mwaija ni shahidi." Ukuta huu, Bwana Afisa Elimu, una jina la nyanya yetu. Ni maprofesa wangapi wa Ulaya wamemtaja?

Mtauliza: kama wanane wanatosha kuoza watu, wengine wa nini? Makundi ya wanane yako matano tu. Ya kumi na sita yako kumi na manne. Hayo wanafunzi wameyanakili katika madaftari tangu zamani, hayatapotea. Lakini Mwalimu hakukoma hapo. Akaenda thelathini na mbili, na huko akakuta makundi hamsini na moja. Hamsini na moja, na kila moja akalitafutia vikundi vyake thabiti, mabadilishano kwa mabadilishano, na mengine yana mabadilishano maelfu! Mke wake marehemu alikuwa akimletea uji hapa, akimkuta amesimama juu ya dawati, mkaa sikioni, anasema, "Subiri, huyu anahama, huyu hahami." Alikufa kabla ya kundi la arobaini. Mwalimu aliniambia alirudi kazini siku ya saba, kwa sababu alitaka kuwa mahali ambapo kuna kitu kisichohama.

Ndugu zangu, sikukusudia kulisema hilo. Tuliache.

Bwana Afisa Elimu amesimama. Karibu, bwana.

Ndugu wageni, kwa waliokaa nyuma: Bwana Afisa Elimu anasema simulizi limemfurahisha, na anampa pole Mwalimu. Lakini waraka unasema kuta za madarasa yote ziwe nyeupe kabla ya Jumatatu, wala waraka haukuweka nafasi ya makundi. Chokaa itapakwa saa kumi.

Ahsante, bwana. Amri ni amri, nami ni karani, ninajua waraka ni nini. Sitabishana. Fundi Yordani naye ana watoto.

Ila naomba jambo moja. Sasa ni saa nane na robo. Huko kwetu mtu akichinja, hatumwachii mmoja abebe ng'ombe mzima. Kila mtu huondoka na fungu lake. Mkono mmoja hauwezi kunakili makundi hamsini na moja kabla ya saa kumi. Lakini kila mkono ukichukua kundi moja? Bwana Gulamhussein ametoa karatasi za kufungia sukari, na kalamu za risasi zimekatwa vipande ili zitoshe. Asiyejua kuandika atachora; ni alama tu, kama kushona. Mke wangu ameshaanza. Mtazameni, amepiga magoti ukutani, nilipokuwa napiga maneno yeye amemaliza safu mbili. Ndivyo alivyo!

Bwana Gulamhussein, wewe utachukua lile ambalo halina kikundi thabiti hata kimoja, isipokuwa kile cha mtu mmoja pekee na kundi lote zima. Ndani yake karibu kila mtu anaweza kuwa mtu mwingine, kama dukani kwako siku ya kuamkia Idi. Jumbe, lako ni la tisa. Mama mkwe wa Jumbe, la kumi, ili umsimamie. Bibi Mwaija, chagua mwenyewe. Bwana Shauri anavua koti. Ahsante, Mheshimiwa, la ishirini na mbili liko usawa wa mkono wako. Mwalimu Simeo ananipungia. Anasema la thelathini na saba lina kosa dogo kwenye mstari wa mwisho, tusilinakili na kosa lake, atatuambia. Miaka kumi na moja analijua hilo kosa na hajapata mtu wa kumwambia! Njoo, Mwalimu, hii hapa mikono hamsini, iamuru.

Hamsini, nimehesabu. Fundi Yordani, weka brashi chini kwanza, wewe ni mmojawapo.

Limebaki moja. Bwana Afisa Elimu, ni lile la duara moja la thelathini na wawili, ambamo kila kikundi ni thabiti, hakuna kinachohama, hakuna hata cha kutafuta. Nimekuwekea jepesi kwa heshima. Liko pale chini, karibu na mlango. Itabidi upige magoti kidogo.

Ahsante, bwana. Kalamu hii hapa.

Ndugu zangu, nawashukuru kwa masikio yenu mliyoniazima muda wote huu. Sasa naomba mikono.